Moshi Umeingia Sebuleni: Uende Kaunti, NEMA, NET au Mahakamani?

Bango lilikuwa dogo, la plaiwudi, limepigiliwa misumari kwenye ua wa mabati. Lilikuwa na jina la mwenye mradi, la mkandarasi, la msanifu, na chini kabisa, kwa herufi ambazo huzisomi mpaka usimame puani mwake, nambari ya leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Mradi wenyewe ulikuwa kituo cha mafuta, hatua chache kutoka kisima ambacho nusu ya mtaa wetu huchota maji. Nilipiga picha kwa simu, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakaazi, tukakubaliana tuandike barua. Ofisi tuliyoipelekea ikatugongea muhuri wa kupokelewa, ikatuambia afisa yuko nje kikazi. Tukarudi wiki iliyofuata, bado yuko nje. Tukaandika ya pili.

Tulipofika kwa wakili, aliitazama ile picha, akateremsha kalenda ya ukutani, akashika biro na kuanza kuhesabu. "Mwalimu, leseni hii ilitoka lini?" Nikamwambia. Akahesabu mpaka 74, akaiweka biro mezani. Mlango ambao ungetufaa kuliko yote, ule wa kupinga leseni ndani ya siku 60, ulikuwa umefungwa siku 14 nyuma, na siku hizo zote sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mlango mwingine.

Hatuna uhaba wa sheria za mazingira Kenya. Tunazo, na nyingine zinauma: tangu tarehe 28 Agosti 2017, anayepatikana na hatia ya kutengeneza, kuuza au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Kinachowapoteza watu ni wingi wa milango. Kila chombo kina kazi yake, muda wake na mwisho wa nguvu zake, na hakuna karani atakayekwambia kwamba umekosea foleni. Hapa nalinganisha vitano ambavyo mwananchi anaweza kuvifikia kwa miguu yake: serikali ya kaunti, NEMA, Kamati ya Kitaifa ya Malalamishi ya Mazingira (NECC), Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET), na Mahakama ya Mazingira na Ardhi (ELC). Sivipangi kwa ukubwa. Navipanga kwa swali ambalo wakili yule aliniuliza kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti: kinachokukera kina leseni ya mazingira, na kama kinayo, leseni hiyo ina umri gani?

Haki yako ya kulalamika ilitoka wapi

Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jumba la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi ikatupwa. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba yeye binafsi hakuonyesha madhara yaliyompata kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo hakuwa na miguu ya kusimama pale. Mradi ulikuja kufa kwa sababu ya kelele za watu na wafadhili kujiondoa, si kwa sababu ya jaji.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo mawakili huiita EMCA, ndiyo iliyoanza kuuvunja ukuta huo, na ndiyo iliyozaa NEMA, NET na kamati ya malalamishi. Katiba ya 2010 ikamalizia kazi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote anayeona haki hiyo inavunjwa, au inatishiwa kuvunjwa, aende mahakamani, na kinasema wazi kwamba halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa hiyo ukikutana na afisa anayekuuliza "wewe kwani shamba ni lako?", jua kwamba hilo ni swali la 1989.

Kaunti na NEMA

Hizi mbili ndizo watu huzichanganya zaidi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, pamoja na uzoaji na utupaji wa taka. Baa inayotikisa madirisha, jirani anayechoma matairi, maji taka yanayofurika uchochoroni, lundo la takataka kando ya soko: hayo ni ya kaunti, na mtu wako wa kwanza ni bwana afya. Yeye ana Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, mkononi. Anaweza kuja, akaona kwa macho yake, akaandika notisi ya kuondoa kero, na asiyetii akajikuta mbele ya hakimu. Huhitaji wakili, na barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Uzuri wa kaunti ni ukaribu, na udhaifu wake ni ukaribu huohuo. Baa unayoilalamikia imelipia leseni ya pombe kwa kaunti hiyohiyo, na kanjo, yaani askari wa kaunti, wanaokuja kuzima spika Ijumaa wanaweza kuzikuta zimewashwa tena Jumamosi. Kwa hiyo kwa kaunti malalamiko ya mtu mmoja hayana uzito. Nendeni watu kumi, na kila anayeandika aandike tarehe na saa.

Kwa kelele kuna kipimo kilichoandikwa, na ukikijua unazungumza na afisa kwa sauti nyingine. Kanuni za kelele za 2009, zilizotungwa chini ya EMCA, zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza saa 2 na dakika moja mpaka saa 12 asubuhi. Nilipima mwenyewe kwa programu ya simu, dirishani, saa 7 usiku: 71. Kipimo cha simu hakiwezi kusimama mbele ya hakimu kama ushahidi wa kitaalamu. Lakini afisa alipoona picha tano za usiku tano tofauti, alikubali kuja na mashine yake, jambo ambalo barua zetu mbili za kwanza kuhusu kelele hizo zilikuwa zimeshindwa kulifanya.

NEMA ni ya mambo mazito zaidi: kiwanda kinachomwaga maji ya rangi mtoni, taka hatari, machimbo ya mawe, mradi unaoendelea bila leseni. Ina maafisa katika kaunti, kwa hiyo si lazima upande basi kwenda Nairobi. Wakaguzi wake wana uwezo wa kuingia kwenye eneo, kuchukua sampuli, kudai hati na kusimamisha shughuli. Inaweza pia kutoa amri ya kurejesha mazingira, yaani kumlazimisha aliyechafua asafishe kwa gharama yake. Mradi ukiwa hauna leseni kabisa, sioni mlango ulio mwepesi kuliko huu: unachotakiwa kuthibitisha ni kidogo, kwa sababu kujenga bila leseni pale sheria inapoitaka ni kosa peke yake, hata kabla moshi haujatoka.

Mambo hugeuka pale leseni inapokuwepo na ugomvi wako ni nayo. Hapo unaiomba taasisi iseme kwamba kalamu yake yenyewe iliteleza. Inaweza kutokea, na nimesikia ikitokea, lakini usiipangie maisha yako. Na hata wakikupokea kwa chai, barua kwa NEMA haisimamishi saa. Hili ndilo lililotupoteza. Tulidhani kwa kuwa tumeshalalamika rasmi, tena kwa muhuri, muda wetu umehifadhiwa mahali fulani kwenye faili. Siku 60 ambazo sheria inakupa kwenda NET kupinga leseni zinakwenda, barua iwe mezani au kabatini.

Kuna hatua moja ya NEMA ambayo ni ya bei rahisi kuliko zote na karibu hakuna anayeitumia: kutoa maoni kabla ya leseni. Miradi mikubwa inadai ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo kila mtu huiita EIA, na ripoti hiyo hutangazwa gazetini ili wananchi waandike wanachofikiri. Tangazo lenyewe huwa refu na la kuchosha, limebanwa katikati ya zabuni na vifo. Lakini maoni yaliyoandikwa wakati huo yanakuwa sehemu ya faili, na mkija kukata rufaa hakuna atakayesema mlinyamaza.

NET na ELC

Hapa ndipo uchaguzi unapouma. Chukua mifano miwili iliyoanza mwaka mmoja, 2016, yote katika Pwani.

Lamu, NEMA ilikuwa imetoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Hakuna jiwe lililokuwa limewekwa na hakuna mtu aliyekuwa ameugua. Wakaazi, wakiwa chini ya mwavuli wa Save Lamu, walikwenda NET kupinga leseni. Tarehe 26 Juni 2019 NET iliifuta, na sababu kubwa ikawa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo katika tathmini ile. Zingatia walichopata: karatasi moja kufutwa. Hawakudai pesa, na hawakuhitaji kuthibitisha kwamba moshi ambao haujawahi kutoka umemuua mtu.

Owino Uhuru, Mombasa, mambo yalikuwa kinyume. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kimeshafanya kazi kando ya makazi, kimeshafungwa, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yalikuwa yameshaingia kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Kufuta leseni kungewasaidia nini? Wakaazi, pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido, walifungua kesi ya kikatiba ELC. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru eneo lisafishwe, na miongoni mwa waliopatikana na lawama ni taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Ushindi huo nao ulipelekwa katika mahakama za juu, ukabishaniwa kwa miaka mingine.

Kwa lugha ya dukani: NET inauza kitu kimoja, na kukiuza inajua. Inaangalia uamuzi uliotolewa, inauthibitisha, inaufuta au inaubadilisha. Wanaokaa pale si wanasheria peke yao, wamo wenye ujuzi wa mazingira, na kanuni ngumu za ushahidi za mahakamani haziwafungi. Mwananchi anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, ingawa upande wa pili utakuja nao watatu. Asiyeridhika hukata rufaa ELC ndani ya siku 30. ELC yenyewe ni duka kubwa: fidia, amri ya zuio, amri ya kusafisha, tamko kwamba haki yako imevunjwa, hata amri dhidi ya serikali. Kwa bei hiyo unatoa ushahidi mzito zaidi. Ukidai watoto wameathirika, mahakama itataka vipimo vya maabara, daktari wa kuvieleza, na uhusiano kati ya kile kiwanda na kile kipimo. Hapo ndipo pesa huishia, si kwenye ada ya kufungua kesi.

Muda. NET ni siku 60, na sheria inazihesabu tangu jambo unalolilalamikia litokee, kwa mfano tangu leseni itolewe. Wapo wanaobishana kwamba zihesabiwe tangu siku mlalamishi alipojua, na hoja hiyo ina mantiki kwa mtu ambaye bango lilifichwa nyuma ya mabati. Usiitegemee kama bado una siku mkononi. Kesi ya kikatiba ELC haina kalenda ya siku 60, lakini ukikaa miaka mitatu ukitazama jengo likipanda, jaji atakuuliza ulikuwa wapi, na swali hilo hasa litakugharimu ukiomba zuio la dharura.

Jambo la pili ni kusimamisha kazi. Wengi huwasilisha rufaa NET kisha wanarudi nyumbani wakingoja matingatinga yanyamaze yenyewe. Ombeni amri ya kusimamisha shughuli siku ileile mnapowasilisha karatasi, kwa ombi lake, na mweleze ni kwa nini haiwezi kungoja. Ghorofa likishafika la tano, hata mkishinda mtakuwa mmeshinda hewa.

Je, unaweza kuruka NET ukaenda ELC moja kwa moja? Kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa la kuogofya: kesi nyingi zilitupwa ELC bila kusikilizwa kwa sababu mlalamishi hakuanzia kwenye vyombo vya EMCA. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi uliopumzisha watu. Ilisema ELC ina mamlaka ya kusikiliza madai ya kuvunjwa kwa haki ya Kifungu cha 42, na kwamba kuwepo kwa njia nyingine hakumfungii mtu mlango kama njia hiyo haiwezi kumpa nafuu anayoihitaji. Usiusome uamuzi huo kama ruhusa ya kuikwepa NET. Kama malalamiko yako yote ni "leseni hii haikupaswa kutolewa", na siku 60 hazijaisha, ukienda ELC unampa wakili wa upande wa pili pingamizi la bure. Kama una wagonjwa, kisima kilichoharibika na taasisi tatu zilizonyamaza, hapo una kesi ya kikatiba.

Na kushinda ELC si mwisho wa safari. Julai 2021 mahakama hiyo iliamuru dampo la Dandora, Nairobi, lihamishwe ndani ya miezi 6. Miezi 6 ikapita, miaka ikapita, malori yakaendelea kuingia. Hukumu dhidi ya serikali inahitaji watu walewale waliofungua kesi waendelee kurudi mahakamani kudai itekelezwe, na wengi wakati huo wameshachoka au wamehama.

NECC, mlango wa pembeni

Kamati hii zamani iliitwa kamati ya malalamishi ya umma, jina likabadilishwa katika marekebisho ya EMCA ya 2015. Inachunguza malalamiko dhidi ya mtu yeyote, hata dhidi ya NEMA yenyewe, na hailipishi. Haitoi amri: inaandika ripoti na mapendekezo kwa Waziri. Inaweza pia kufungua kesi ya maslahi ya umma kwa niaba ya wananchi. Naipenda kwa kazi moja. Mtaa maskini usio na maabara wala wakili unapata mtu wa kuja kuchunguza na kuandika, na ripoti ile unaweza kuibeba kwenda kwingine. Usiipelekee jambo la siku 60.

Cha kubeba mkononi

Kaunti: picha zenye tarehe, orodha ya saa, sahihi za majirani. NEMA: hayo hayo, pamoja na mahali panapoelezeka vizuri, kwa sababu "karibu na mto" si anwani. Kama ni maji, chupa uliyochota wewe itakusaidia kumshawishi afisa, lakini acha sampuli ya kesi ichukuliwe na mwenye mamlaka na kupelekwa maabara inayotambuliwa, la sivyo utaulizwa kama hukutia wewe. NET: nakala ya leseni au nambari yake, tarehe yake, na nakala ya maoni mliyoandika wakati wa EIA kama mliandika. Kama hamkualikwa kwenye mkutano wowote wa kushauriana, tafuteni ripoti mwone majina ya waliohudhuria. Nimeshaona orodha yenye watu ambao mtaa mzima haukuwatambua. ELC: kila kitu hicho, na barua zote zilizogongwa muhuri. Zile barua ambazo hazikusimamisha saa ya NET zinakuja kupata kazi hapa, kwa kuonyesha kwamba mlibisha hodi kila mahali.

Kwa hiyo, wewe?

Kelele, moshi wa jirani, taka za mtaani: kaunti, kwa bwana afya, na kwa kundi. Kiwanda au ujenzi usio na leseni: NEMA leo, nakala kwa kaunti. Mradi wenye leseni mpya ambao hauutaki: NET, uhesabu siku kabla hujaandika barua yoyote kwa mtu yeyote. Mradi wenye leseni ya zamani unaokiuka masharti yake: NEMA tena, lakini sasa hugombani na leseni, unaidai isimamiwe, na hapo maafisa huwa wepesi zaidi kuliko unavyodhani. Madhara yameshatokea na watu wameumia: ELC, na anza kukusanya vipimo kabla ya kukusanya michango ya wakili.

Sisi tuliangukia kundi la nne. Kituo kilijengwa, kinauza mafuta, na hata mimi nimewahi kujaza pale. Leseni yake ilikuwa na sharti la kulinda maji ya chini ya ardhi, nasi tukaligeuza kuwa ombi letu: kisima kipimwe, majibu yabandikwe mahali tunapoyaona. Ilichukua muda, lakini kilipimwa.

Wiki iliyopita mabati mapya yalianza kusimamishwa nyuma ya shule. Mama mboga wa pale kona alinitumia picha ya bango kabla sijafika. Nikalikuza, nikapata nambari, na asubuhi yake tukajua tarehe ya leseni. Kalenda yangu sasa inaning'inia jikoni, juu ya jiko la gesi, ambako siwezi kuacha kuiona. Siku ya 60 itaangukia Jumanne.